Mzee wa Mnyororo na Kambi ya Nne

Kinondoni nzima ilimwita Mzee wa Mnyororo, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alishika mfuko wa koti lake na kusogea kando. Zama zile za Mwingereza mnyororo ulikuwa kitu cha mfungwa. Kisha mgeni huyo huyo angemwona mzee mwenyewe anatoka msikitini na kanzu yake safi, kofia imekaa upande, anataniana na kila mtu njiani, akabaki hajui ashike lipi. Sisi majirani hatukuwa na haraka ya kumweleza. Starehe zilikuwa chache, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Ukweli ni kwamba hakufungwa hata siku moja. Mnyororo wake ulikuwa wa kupimia ardhi: chuma chembamba chenye pingili mia moja, kila pingili imepungua kidogo tu kufika shibiri. Mpima ardhi wa Kizungu alisimama kivulini akichungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, na Mzee akaingia porini na ncha ya mnyororo, kwenye miiba, kwenye tope, kwenye upupu, mpaka aambiwe basi. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Hakuna kichaka kati ya Temeke na Bagamoyo ambacho hakikuwahi kumchana suruali.

Kazi ilimwingia mwilini. Ukimuuliza msikiti uko wapi, atakwambia minyororo tisa na nusu kutoka barazani kwake, na ukienda kupima kwa hatua utaona hakukosea. Majirani wakigombania mpaka wa uwanja wa nyuma, aliitwa yeye. Alitembea mara moja kwenda, mara moja kurudi, akachomeka kijiti, na ugomvi ukaisha hapo. Samaki naye alimpima kwa pingili. Alikuwa na pingili moja iliyokatika kwenye mnyororo mkongwe uliotupwa, akiiweka kwenye mfuko wa koti, na mvuvi yeyote aliyeanza kutanua mikono kuonyesha ukubwa wa samaki wake alisimamishwa palepale. "Mikono ya mvuvi inarefukaga njiani," alisema. "Nitajie pingili." Samaki wa pingili moja alikuwa kitoweo. Wa moja na nusu alikuwa habari. Wa pingili mbili nilimsikia tu kwa miaka mingi.

Mimi ni mtu wa Upare, na kwetu milimani wakati ule samaki alikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilikuja Dar es Salaam kuwa karani wa bohari bandarini, nikapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake, na samaki wa kwanza niliyemla hapa alinikwama kooni mpaka mama mwenye nyumba akanimezesha matonge matatu ya ugali mkavu. Jumamosi moja mchana nilikuwa nimekaa nje sina la kufanya, Mzee akapita na baiskeli imefungwa mianzi miwili, turubai na sufuria. Akasimama.

"Karani, unaweza kunyamaza?"

Nikamjibu kwamba ninaweza sana, kwamba nimelelewa kwenye nyumba ya watu wapole, kwamba hata shuleni mwalimu alinisifu kwa utulivu, na bado nilikuwa naendelea aliponikatiza.

"Nimeona," alisema. "Azima baiskeli."

Siku ile tulikwenda mto Mpiji. Sijui nieleze vipi kilichonipata. Alinitilia chambo, akanionyesha pa kutupa mshipi, na kabla sijakaa vizuri mwanzi ukavutwa mikononi mwangu na kitu hai nisichokiona. Nilipiga ukelele ndege wakahama ng'ambo ya pili. Alikuwa perege wa pingili moja kasoro, lakini nilimkumbatia kama niliyemvuta nyati. Mzee alijifuta machozi ya kicheko, akaniambia nimefaulu uvuvi na nimefeli kunyamaza. Kuanzia hapo Jumatatu mpaka Ijumaa kwangu zilikuwa siku za kungojea. Bandarini nilitazama kamba nene za meli nikawaza ndoana ya namna gani ingefaa.

Na bado samaki si lile jambo lenyewe. Hilo nilichelewa kulielewa. Mzee alipenda kuvua, lakini alichokipenda kupita vyote ni kutafuta pa kulala. "Kuvua kunafanywa na ndoana," alisema. "Pa kulala panatafutwa na mtu." Tungeweza kufika mtoni asubuhi na mapema, samaki wanaruka mbele ya macho yetu, mimi nimeshika mwanzi napapatika, naye anatembea ukingoni, mikono nyuma, anakagua kama baba mkwe. Anatazama juu kwenye matawi aone takataka za mafuriko zimenasa wapi, maana mto hauachi kumbukumbu ya bure. Anatazama chini kama kuna njia ya viboko, ile pana iliyolainika kama ubao, na akiiona tunaondoka hapo hapo bila mjadala. Anapiga kisigino ardhini kusikiliza siafu. Akikuta mahali pazuri, kumbe akina mama huja kuchota maji hapo, anakunja uso na kusema pana wenyewe. Mwisho kabisa anakaa. Anawasha sigara moja na kuivuta yote hajasema neno, anausikiliza mto. Mahali palipomfaa ni pale maji yanapoongea lakini hayakukatizi maneno. Sigara ikiisha anasema "hapa" au anasimama anapangusa kanzu. Mara moja alisimama mara nne katika asubuhi moja, nami nikaona kweli anaweza kutumaliza.

Lakini akisema "hapa", mwanangu, hapo palikuwa hapa. Hata leo nikifumba macho nauona mchanga ule wa Ruvu, mwendo wa nusu siku juu ya stesheni, mti umeinama ukatengeneza kibaraza, upepo unapeleka moshi majini na sio machoni. Unaamka huna pa kuwahi. Chai inachemka kwenye mafiga, kambale wa jana anakauka juu ya moshi, na kelele pekee ni ya ndege mmoja asiyejua kwamba wimbo wake umeisha. Nilikuwa kijana, na nilidhani furaha ni kitu chenye ngoma. Kumbe inaweza kuwa na ukimya kiasi kile. Nilitamani kucheka peke yangu, na mara nyingine nilicheka.

Alikuwa na kambi nne. Ya kwanza Mpiji, ya pili hiyo ya Ruvu, na ya tatu kwenye mto Kizinga, karibu na Temeke, ya siku za uvivu. Hizo tatu alinipeleka zote. Ya nne hakumpeleka mtu. Nilichojua ni kwamba iko huko nyuma ya vilima vya Madale, kwamba ina maji ya mawe, na kwamba ndani ya maji hayo kuna kuyu, samaki mwenye magamba ya rangi ya shaba anayepigana kuliko ukubwa wake, na baadhi yao wanafika pingili mbili. Niliitaka kambi ile kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo. Miaka minne niliitaka. Sikuiomba, kwa sababu nilishajua kwamba aombaye hapewi, lakini nilikuwa na desturi ya kutaja Madale bila sababu, nikisingizia hali ya hewa.

Watu wengine walimwomba wazi, nao aliwapa majibu. Tena aliwapa kwa ukarimu. Mzee wa Mnyororo alikuwa mwongo mkubwa wa mahali. Alimtuma fundi viatu mmoja wa Buguruni kwenye dimbwi ambalo halikuwa na chochote ila vyura, kwa maelezo safi ya minyororo na pingili, na fundi yule aliporudi kulalamika Mzee alimsikitikia kwa dhati, akamtuma kwingine vilevile. Nilimuuliza haoni haya, mtu wa swala tano.

"Samaki wangu sijawahi kumwongezea hata nusu pingili," alisema. "Lazima mtu awe na mahali pa kupumzikia ukweli."

Hata Bwana Mpima hakupona. Siku walipopima upande ule, Mzungu alikutana na kijito kinachotoka vilimani, akauliza kinaitwaje na kama kina maji mwaka mzima. Mzee, ambaye kwenye mnyororo hakuwahi kukosea hata upana wa kidole, akasema hakina jina, Bwana, hukauka. Kwa hiyo kwenye ramani ya serikali kijito kile ni vidoto tu, alama ya mto unaokauka. Alinisimulia hilo zaidi ya mara moja, na kila mara alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na Mzungu mwenyewe alikwisha rudi kwao zamani.

Alikuwa amejaa mambo yanayopingana namna hiyo. Maisha yake yote alipenda mito, na hakujua kuogelea. Maji yakimfika magotini alianza kusoma dua. Kazini alipasua alama kwenye miti na kupanda bikoni za saruji za kuonyesha mpaka, lakini kambini hakutaka kuacha hata alama ya panga. Mjini alichelewa kila kitu, harusi, mazishi, hata chakula chake mwenyewe, na mtoni aliamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa. Aliheshimu wenye ardhi kupita kiasi. Hatukulala popote kabla hajakwenda kwa jumbe wa hapo na sukari au tumbaku, akavua viatu, akaomba ruhusa ya kuwasha moto, wakati mahali penyewe alikwisha papima kwa niaba ya serikali na angeweza kupita kifua mbele.

Na alikuwa na sheria ya mafiga. Tulipoondoka kambini, majivu yalitawanywa majini, kuni kavu ziliachwa chini ya kichaka kwa ajili ya atakayekuja, na yale mawe matatu ya jiko yaligeuzwa, upande wa masizi chini. Ukipita baada yetu unaona mawe tu. "Moto wako usiutangaze," alisema. Niliposahau mara moja, tulikuwa tumekwisha tembea minyororo thelathini. Alisimama, akanitazama, nikarudi peke yangu juani kuyageuza.

Mkewe alikuwa mwanamke mnene mcheshi, mwenye ulimi mkali kuliko ndoana. "Wenzangu wana wake wenza wa kuwasuta kisimani," aliniambia. "Mie mke mwenzangu mto. Nitamsuta nani?" Alimfungia mumewe pilipili na ndimu kwenye kitambaa kila Jumamosi, huku akilalamika toka mwanzo wa fundo hadi mwisho.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vuli haijaanza. Mzee alikuja mlangoni kwangu, akasema tu, "Kesho Madale." Nilikaa kitandani. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni. Asubuhi tulipiga baiskeli Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, ambako siku zile palikuwa minazi, mikorosho na nyumba chache, tukaacha baiskeli kwa jumbe na sukari yake, tukashika vilima kwa miguu. Hapakuwa na njia. Mzee alikwenda mbele anahesabu hatua kwa midomo, majani marefu yakatufika kifuani, tukapanda, tukashuka, na ghafla nikasikia maji.

Kijito kilikuwa kimekauka kama alivyomwambia Mzungu, isipokuwa pale. Chini ya jabali dogo maji yalitoka mwambani yakajaza bakuli la mawe, refu kama minyororo miwili, jembamba, limetulia, unaona mpaka chini. Na chini walikuwepo. Walisimama wamepanga vichwa upande mmoja, rangi ya shaba, mmoja wao mkubwa kiasi kwamba nilimshika Mzee mkono bila kujua. Alitabasamu, akaniwekea kidole midomoni. Akatoa sigara yake, akaivuta yote, ingawa pale hapakuhitaji kukaguliwa tena. Nadhani alitaka nione namna anavyopenda. Kisha akasema anakwenda juu kutafuta kuni, nisitupe mshipi kwanza, nimngojee.

Nikabaki peke yangu, furaha imenijaa sina pa kuiweka. Hapo ndipo nikahisi kupe. Yale majani yalikuwa yametupakaza kupe wadogo wale wasioonekana vizuri, miguu yangu imejaa, na mablanketi tuliyoburura yamejaa pia. Nikatazama huku na huku, nikauona mti wa nyumbani. Minne mitano, imeota karibu na maji, majani laini kama mahameli, maua meupe. Kwetu milimani mama aliuponda mti ule, akauchanganya na maji akawaosha mbuzi, na kupe walidondoka kama chembe za ulezi. Sikuwahi kuuona pwani. Nilifurahi mno. Miaka minne mtu huyu alikuwa akinifundisha, na sasa kulikuwa na jambo moja mimi ninalijua.

Nilipukutisha majani, nikaponda juu ya jiwe mpaka mikono ikawa kijani. Nikaingia majini, nikaosha miguu, nikaosha suruali. Kisha nikaosha blanketi la Mzee, nikalisugua vizuri, nikalikamua, nikalirudia. Hilo nililifanya kama zawadi.

Kuyu wa kwanza alikuja juu kinywa wazi, kama mtu anayetaka kusema jambo. Nikacheka, nikadhani ananijia. Akapinduka. Wa pili akaja akizunguka, na wa tatu, na baada ya hapo bakuli lote likaanza kuwa jeupe kwa matumbo. Yule mkubwa alikuja mwisho. Nilikuwa bado nimesimama mle ndani na blanketi mkononi.

Mzee alitokea kwa juu na kuni kifuani. Aliziweka chini polepole, moja baada ya nyingine. Akatazama maji, akatazama majani yaliyopondwa juu ya jiwe.

"Umeosha nini?"

"Blanketi lako, Mzee. Kupe."

Akatandika turubai, akaanza kuwaokota samaki mmoja mmoja. Ndiyo siku niliyojifunza kwamba ule ni mtupa, ambao watu wa mabondeni na pwani huutumia kulewesha samaki ili wawavue, na sisi wa milimani tusio na samaki tunaujua kwa mbuzi tu. Lakini hakunieleza yeye. Nilielezwa na jumbe wa Tegeta, ambaye tulimpelekea samaki wote kwenye turubai, kwa kuwa Mzee alisema kutupa riziki ni dhambi. Jumbe alifurahi, akatusifu kwa mtupa mzuri. Kabla hatujaondoka bwawani Mzee aliinama akageuza mafiga, ingawa moto haukuwahi kuwashwa. Tegeta mpaka Kinondoni hatukusemezana.

Baada ya siku ile nilimwamkia na akaniitikia. "Shikamoo Mzee." "Marahaba." Ikaishia hapo. Jumamosi alipita na baiskeli yake, mwanzi mmoja, hakusimama mlangoni kwangu, nami nilijifanya ninafua. Sikuthubutu kuomba radhi, maana ningeombea nini? Nilikuwa nimeua kitu alichokificha hata kwa serikali. Nilipooa nikahamia Temeke na kwa kweli nilishukuru kwa umbali. Mianzi yangu niliwapa watu. Miaka ikapita, minne au mitano, na kila nilipoona mtu amebeba samaki tumbo juu niligeuza uso.

Mkewe ndiye aliyenikamata, sokoni Buguruni, mkono mzima begani.

"Karani wewe. Umetususa."

"Sijawasusa, Mama. Kazi."

"Kazi gani isiyo na Jumapili? Mzee miguu imemvimba, hatoki tena. Kila Jumamosi anakaa barazani anatazama njia. Mie nikajua anamlilia mke mwenzangu mto, kumbe anakungoja wewe. Njoo."

Nilikwenda siku ileile. Alikuwa kwenye mkeka, miguu imewekwa juu ya mto wa usufi, amepungua mwili lakini kofia bado upande.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Temeke hapa minyororo mingapi?"

"Sikuhesabu."

"Ndiyo maana umechelewa."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa miaka yote ile, ulikuwa mrefu na mzuri. Alinikatiza kama siku ya kwanza.

"Nyamaza kwanza, karani, hebu jaribu mara moja tu. Mti ule niliupanda mie."

Nikanyamaza.

"Nilikuwa kijana mnyororoni. Kambi ya wapimaji haina kitoweo, watu kumi na wawili, tukaliona bwawa lile. Nikaleta mbegu za mtupa kutoka nyumbani nikapanda palepale, tuwe tunalewesha tukipita. Tulilewesha mara moja. Nilipoona vile matumbo yalivyojaa, roho ikaniuma, nikatafuta ndoana. Samaki wakarudi wenyewe, miaka mingi. Lakini mti miaka yote ile sikuung'oa. Kila nikifika nasema leo, kisha naona haya, naketi naupa mgongo." Alijisugua goti. "Siku ile nilipokuacha nilijua upo. Nikajisemea, huyu mtu wa milimani, hata kambale nilimfundisha mie, mtupa ataujulia wapi. Nikaenda zangu kutafuta kuni. Kisha nikaona haya kukutazama. Ukadhani hasira."

"Nilidhani hasira."

"Ilikuwa haya. Haya ni mbaya zaidi, hasira huisha." Akanitazama sasa. "Mara ya mwisho nimefika huko mwaka juzi, halafu miguu ikakataa. Sijui kukoje. Nenda ukaniangalizie."

Niliazima mwanzi kwa mtu niliyempa. Jumamosi ile nilipiga baiskeli kama kijana, jumbe wa Tegeta alikuwa mwingine lakini sukari ilikuwa ileile, nikapanda vilima nikihesabu hatua kwa midomo. Nilipotea mara mbili. Mara ya tatu nikasikia maji. Nilisimama kabla ya kuchungulia, nikaogopa, nikachungulia.

Walikuwepo. Wadogo wengi, wa kati kiasi, wamepanga vichwa upande mmoja kama zamani. Nilikaa chini. Mitupa haikuwepo, palikuwa na mashimo tu yaliyofukiwa vizuri, majani yameota juu. Chini ya kichaka palikuwa na kuni kavu, zimepangwa. Na yale mawe matatu yalikuwa yamelala, masizi chini. Nilikuwa sina sigara, basi nikakaa kiasi cha sigara moja, ndipo nikatupa mshipi.

Kuyu mkubwa ambaye sikuwa nimemwona alinipiga kwa nguvu mwanzi ukagusa maji. Alikwenda chini ya mwamba, nikamrudisha, akaenda tena, na nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimsihi kwa Kipare. Nilipomtoa nilimlaza kwenye majani mabichi, nikachukua uzi, nikampima kutoka mdomo hadi mkia, nikaukata. Kisha nikamrudisha, akakaa kitambo mkononi mwangu anapumua, akaenda.

Siku ya pili nilikwenda moja kwa moja Kinondoni na tope langu. Nikampa uzi. Mzee alitoa ile pingili mfukoni, akaulaza uzi juu yake mara moja, akaugeuza mara ya pili, na kidole chake kikabaki mwisho wa uzi kimesimama. 

"Pingili mbili," alisema. "Na ushee."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe samaki," alisema taratibu. "Mie miaka miwili, kabla miguu haijamkatalia, debe langu la maji lilikuwa linakwenda mtoni na kurudi linanuka shombo. Nikimuuliza anasema analeta asali. Asali yenyewe sijailamba. Kumbe alikuwa anawapandisha mlima kwa debe, mtu huyu, na miguu ile."

Mzee alijifanya hajasikia. Mimi nikafuta uso kwa kiganja cha tope.

"Mafiga uliyaachaje?" akauliza.

"Nimeyageuza, Mzee. Masizi chini."

"Na kuni?"

"Nimeacha nyingi kuliko nilizozikuta."

Aliishika pingili muda mrefu. Kisha akaitia kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja, kwa namna ile aliyonifungia ndoana ya kwanza.

"Jumamosi ijayo usije kunijulia hali," alisema. "Nenda kambini kwako."